Nesi wa nyumbani kwa mtoto aliye kwenye Medicaid: maswali tunayoulizwa kila mara

Ukurasa huu ni wa familia zinazozungumza Kiswahili zilizoko Marekani: Wakongo waliofika kwa mpango wa wakimbizi, Wakenya, Watanzania, Warundi na wengineo, wenye mtoto anayepumua kwa mashine, anayelishwa kwa mrija wa tumboni au anayeshikwa na degedege usiku wa manane. Unawahusu pia wenzetu wengi wanaofanya kazi za uuguzi na uangalizi, kwa sababu ndio wanaotafutwa. Medicaid ni bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo na kwa watu wenye ulemavu. Jambo moja lieleweke mapema: kupewa karatasi yenye saa za nesi ni nusu ya safari tu. Nusu nyingine, iliyo ngumu zaidi, ni kumwona nesi mwenyewe mlangoni.

Nesi wa nyumbani tunayemzungumzia ni yupi?

Ni nesi mwenye leseni, RN (nesi aliyesajiliwa) au LPN (nesi wa leseni ya ngazi iliyo chini yake), anayekaa na mtoto zamu nzima, mara nyingi saa 8 au 12. Kwenye barua za bima utaona herufi PDN, yaani private duty nursing, uuguzi wa zamu. Kanuni ya shirikisho, 42 CFR 440.80, inasema ni huduma kwa mtu anayehitaji uangalizi wa karibu na wa mfululizo kuliko ule wa nesi anayepita majumbani, na kuliko ule ambao manesi wa wodini hutoa kwa kawaida. Hapo pa wodini pasomwe mara mbili. Serikali yenyewe inakiri kwamba mtoto huyu anahitaji macho mengi kuliko mgonjwa wa kawaida aliyelazwa hospitalini, halafu kuna maofisa wanaoshangaa mama anapoomba nesi wa usiku.

Wako wengine wawili wanaochanganywa naye. Wa kwanza ni nesi wa ziara, anayekuja kubadilisha bandeji ya kidonda au kupima mtoto na kuondoka ndani ya saa moja. Wa pili ni msaidizi wa kuogesha, kuvalisha na kulisha, ambaye kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi za kinesi. Wakala, yaani kampuni inayoajiri manesi na kuwatuma majumbani, akikwambia, "Manesi hatuna, tutakutumia msaidizi," muulize kama msaidizi huyo anaruhusiwa kufyonza makohozi kwenye trakeostomia, yaani tundu la kupumulia shingoni, na kubadilisha mrija wake ukiziba. Akijibu hapana, basi hujapewa mbadala. Umeongezewa mtu wa kumsimamia.

Hii ni haki au ni msaada wa bahati nasibu?

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 21 na mwenye Medicaid kamili, ni haki. Medicaid ilianzishwa 1965. Mwaka 1967 Bunge la Marekani liliongeza mpango wa watoto unaoitwa EPSDT, na 1989 likaupa meno: jimbo linatakiwa kumpa mtoto kila huduma inayotajwa katika sheria ya Medicaid ikiwa inahitajika kutibu hali yake au kuizuia isizidi kuwa mbaya, hata kama jimbo hilo haliwapi watu wazima huduma hiyo. Uuguzi wa zamu umo kwenye orodha hiyo.

Kuna mambo mawili yanayofuata hapo, na wengi hawaambiwi. Jimbo haliwezi kumwekea mtoto ukomo usiosogezeka, kwa mfano kusema "hakuna anayepata zaidi ya saa 40 kwa wiki, basi." Linaweza kuweka kiwango cha kuanzia, lakini daktari akionyesha kuwa mtoto huyu anahitaji zaidi, kiwango kinapaswa kupanda. Pia mtoto hahitaji kuwa na uwezekano wa kupona. Inatosha kwamba huduma inamshikilia asidhoofike. Wapo wazazi waliojibiwa kwamba mtoto wao "hataboreka," wakakunja barua wakaondoka. Jibu hilo si sababu halali ya kumnyima.

Tarehe 26 Septemba 2024 serikali ya shirikisho iliyapelekea majimbo yote mwongozo mrefu wa kuyakumbusha wajibu huu. Utaje kwenye barua zako.

Kumbuka pia kwamba Medicaid ina majina tofauti. California inaitwa Medi-Cal, Massachusetts MassHealth, Tennessee TennCare, Arizona AHCCCS, Maine MaineCare, Oklahoma SoonerCare. Texas, watoto wenye ulemavu wengi wako STAR Kids. Lakini kuna bima nyingine ya watoto, CHIP, na pale inapoendeshwa kando ya Medicaid, haifungwi na EPSDT. Kadi zinafanana, na zote mbili kina mama wanaziita "Medicaid." Piga simu uulize mtoto yuko kwenye ipi kabla ya kuanza kupigania saa.

Tunafanya kazi wote wawili na kipato kimezidi. Mtoto hawezi kupata?

Huenda anaweza, kwa njia yenye jina la Katie Beckett. Huyu alikuwa mtoto wa Cedar Rapids, Iowa, aliyezaliwa 1978. Akiwa mchanga alipata maambukizi ya virusi kwenye ubongo, akabaki anategemea mashine ya kupumulia. Medicaid ilimlipia akiwa hospitalini, lakini akirudi nyumbani kipato cha wazazi kingehesabiwa naye angeipoteza, ingawa kumtunza nyumbani kulikuwa na gharama ndogo zaidi. Kwa hiyo alilazwa si kwa sababu ya ugonjwa pekee, bali kwa sababu ya kanuni. Novemba 1981 Rais Ronald Reagan aliisimulia kesi yake mbele ya waandishi wa habari kama mfano wa upuuzi wa urasimu, na Katie akawa nyumbani kabla ya mwaka kwisha. Mwaka uliofuata sheria ikayapa majimbo hiari ya kupima kipato cha mtoto peke yake, bila kuhesabu cha wazazi. Aliishi hadi 2012, akiwa na miaka 34, na kwa miaka mingi yeye na mama yake, Julie, waliwatetea watoto wengine.

Kila jimbo limeifuata hiari hiyo kwa namna yake. Pennsylvania ina kundi linalojulikana kama PH 95. Tennessee ilifungua mpango wake mwishoni mwa 2020. Majimbo mengine hutumia mipango maalumu yenye idadi ya nafasi. Kwa kawaida mtoto lazima athibitishwe kuwa hali yake ingestahili kulazwa au kukaa kwenye taasisi, na kwamba kumtunza nyumbani hakutazidi gharama za huko.

Tumeambiwa tuko kwenye foleni. Tungoje?

Uliza ni foleni ya nini. Mipango maalumu ya majimbo, ile inayoleta mambo kama kukarabati nyumba au mtu wa kumpumzisha mzazi, inaruhusiwa kuwa na foleni, na ipo inayochukua miaka. Uuguzi wa zamu chini ya EPSDT hauruhusiwi kuwa na foleni. Mtoto mwenye Medicaid anayesubiri nafasi kwenye mpango maalumu anaweza kuomba nesi leo. Familia nyingi husubiri mambo mawili kwa pamoja wakati moja lilikuwa tayari lao.

Barua ya daktari iandikwe nini?

Barua inayosema "mtoto huyu anahitaji nesi saa 84 kwa wiki" ni dhaifu, hata ikitoka kwa bingwa wa mapafu. Mwaka 2011, katika kesi ya Moore dhidi ya Reese, ambapo Georgia ilitaka kupunguza saa za msichana mmoja kutoka 94 hadi 84 kwa wiki, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 11 ilisema daktari wa mtoto ana nafasi yake katika kuamua, na jimbo nalo lina nafasi yake. Hakuna mwenye neno la mwisho peke yake. Ndiyo maana maelezo ndiyo yanayopigana vita.

Mwombe daktari aandike mtoto anafyonzwa makohozi mara ngapi mchana na mara ngapi usiku. Oksijeni inashuka hadi kiwango gani, na inachukua muda gani kupanda. Degedege linakuja mara ngapi, linadumu dakika ngapi, na dawa gani ya dharura hutumika. Mrija wa shingoni ukitoka, mtoto ana muda gani kabla ya hatari. Mashine zinalia mara ngapi na ni nani anayejua mlio wa kweli na mlio wa waya uliolegea. Kisha aeleze nyumbani kuna nani: mama anafanya kazi zamu gani, baba analala saa ngapi, kuna watoto wengine wangapi, bibi anaweza nini na hawezi nini. Majimbo mengi hukadiria saa kwa kuangalia kazi na usingizi wa wazazi. Usipoyaeleza, watadhani mko nyumbani wawili, macho, saa 24.

Daktari hayajui haya yote. Unayajua wewe. Weka daftari kwa wiki mbili tatu kabla ya miadi, umpelekee. Ukiandika kwa Kiswahili si kosa. Muhimu ni tarehe, saa na idadi.

Na hapo kwenye saa kuna mtego wa kwetu. Mkalimani asiye makini akisikia "saa moja usiku" anaweza kuandika saa moja usiku ya Kizungu, yaani saa saba yetu. Taja saa kwa hesabu ya Kimarekani, au onyesha saa ya simu.

Bima imeidhinisha saa 80 kwa wiki, wakala analeta 40. Tufanye nini?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ndiko watoto wengi wanakoumizwa. Kwenye karatasi za jimbo mtoto wako amehudumiwa. Nyumbani, mama amekaa kitini tangu usiku akiangalia kifua kinapanda na kushuka, na asubuhi anatakiwa kazini.

Wakala atakwambia hana watu. Huenda ni kweli. Lakini mwenye deni kwako si wakala, ni jimbo pamoja na kampuni ya bima iliyopewa kazi na jimbo. Sheria ya Medicaid haisemi jimbo litoe kibali kisha likae kando. Inasema lihakikishe matibabu ya mtoto yamepangwa, moja kwa moja au kwa kumpeleka panapostahili, na yatolewe bila kuchelewa kusikofaa. Katika kesi ya O.B. dhidi ya Norwood huko Illinois, mtoto alikaa hospitalini miezi mingi baada ya saa zake kuidhinishwa, kwa sababu nesi wa nyumbani hakupatikana. Jimbo lilijitetea kwamba haliwezi kuumba manesi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 7, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Richard Posner, iliunga mkono amri ya kulitaka jimbo lichukue hatua za kuwapata. Amri ilipotoka, manesi wakapatikana na mtoto akaenda nyumbani. Kumbe walikuwapo.

Huko Florida Idara ya Sheria ya Marekani ililishtaki jimbo 2013 kwa sababu ya watoto waliowekwa kwenye nyumba za kutunzia wagonjwa, majengo ya wazee kwa asili yake, ilhali wangeweza kuishi na familia zao. Julai 2023 Jaji Donald Middlebrooks aliona jimbo limevunja Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya 1990, akaagiza, pamoja na mengine, kwamba watoto wapatiwe asilimia 90 ya saa za nesi zilizoidhinishwa. Wakati ule watoto karibu 140 walikuwa kwenye majengo hayo. Jimbo lilikata rufaa. Msingi wa kesi hii ni uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani (Supreme Court) wa 1999, Olmstead dhidi ya L.C., kwamba kumfungia mtu mwenye ulemavu kwenye taasisi bila sababu ni ubaguzi.

Wewe huna haja ya kuanza na mahakama. Anza na kalamu. Kila zamu iliyokosa mtu, andika tarehe, saa, nani alipiga simu na sababu aliyotoa. Mwisho wa mwezi jumlisha: zilizoidhinishwa, zilizokuja, zilizopotea. Peleka barua hiyo kwa kampuni ya bima, si kwa wakala peke yake, na uombe kwa maneno ya wazi kwamba wao wawatafute manesi wa kujaza pengo. Omba ujumbe uandikwe kwenye faili. Malalamiko ya simu huyeyuka.

Uliza pia mambo haya. Je, naweza kutumia mawakala wawili kwa pamoja? Mara nyingi inaruhusiwa, na wakala mmoja hatapenda. Je, saa zisizotumika Jumatatu zinaweza kuhamia Jumamosi? Je, jimbo linasajili nesi anayejitegemea, asiye chini ya wakala? Na hili la mwisho lina nguvu: kampuni ya bima isipoweza kutoa huduma kupitia watu wake wa mkataba, kanuni 42 CFR 438.206 inaitaka ilipie mtu wa nje ya mtandao wake. California, baada ya kesi iliyomalizika kwa makubaliano 2019, mipango ya Medi-Cal ina wajibu wa kuisaidia familia kutafuta manesi wa kujaza saa. Ukiwa huko, omba msaada huo kwa jina lake: usimamizi wa kesi wa PDN.

Lakini kwa nini manesi hawapatikani? Mbona hospitali wanao?

Kwa sababu ya malipo, zaidi ya sababu nyingine yoyote. Jimbo hupanga kiwango kwa saa, wakala anatoa humo gharama zake, na kinachobaki kumfikia nesi mara nyingi ni kidogo kuliko atakachopata hospitalini au kwenye nyumba ya wazee, ambako pia kuna likizo ya malipo na mwenzake wa kumsaidia mambo yakiharibika. Nyumbani yuko peke yake na mtoto anayeweza kuzimika kwa dakika nne. Ujuzi mkubwa, mshahara mdogo. Ukiona LPN anayedumu na familia moja miaka mitano, ujue anampenda mtoto yule.

Mawakala walijaribu kwenda mahakamani kudai viwango vipandishwe. Mwaka 2015, katika kesi iliyotoka Idaho, Armstrong dhidi ya Exceptional Child Center, Mahakama Kuu ilisema watoa huduma hawawezi kulishtaki jimbo kwa njia ile kuhusu viwango vya malipo. Mlango ukafungwa. Tangu hapo viwango hupandishwa kwenye bajeti ya jimbo tu, na bajeti hupangwa na watu wanaopigiwa kura na kupigiwa simu. Mwaka 2021 fedha za dharura za shirikisho ziliongeza mchango wake kwa huduma za nyumbani kwa pointi 10 za asilimia kwa mwaka mmoja, na majimbo kadhaa yakazitumia kuongeza malipo. Fedha zile zilikuwa na mwisho.

Mbunge wa jimbo lako, yule wa wilaya, anapokea watu wachache kuliko unavyodhani. Mzazi anayefika na daftari la zamu zilizopotea anakumbukwa.

Mzazi anaweza kulipwa kumtunza mtoto wake mwenyewe?

Katika baadhi ya majimbo, ndiyo. Colorado imekuwa ikiruhusu wazazi kusomea cheti cha CNA, yaani msaidizi wa uuguzi, na kuajiriwa na wakala kumhudumia mtoto wao. Arizona ilipitisha sheria 2021 ya leseni maalumu kwa mwanafamilia anayefunzwa kazi kadhaa za kinesi za mtoto huyo tu. Massachusetts ina nafasi ya msaidizi wa huduma changamani, ambayo mzazi anaweza kuichukua. Majimbo mengine yameiga kwa namna zao, na mengine bado yanakataa kabisa kumlipa mzazi wa mtoto mdogo.

Kabla ya kutia saini, uliza kama saa zako zitakatwa kwenye saa za nesi. Uliza kipato hicho kitafanya nini kwa stempu za chakula na kodi ya nyumba. Kuna malipo ya aina hii ambayo, kwa tangazo la IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, namba 2014-7, hayahesabiwi kwenye kodi ya mapato ya shirikisho ikiwa mtoaji anaishi na mgonjwa, lakini si programu zote zinazoingia humo.

Maoni yetu: mpango huu ni mzuri, na kwa mama aliyeacha kazi ni riziki. Ila jimbo lisiutumie kama kisingizio cha kuacha kutafuta manesi. Mama aliyekosa usingizi siku tatu hapati usingizi kwa kulipwa.

Barua imekuja, wanapunguza saa. Tuna muda gani?

Mfupi. Tazama tarehe iliyo juu ya barua, siyo siku uliyoifungua. Jimbo kwa kawaida linatakiwa kukuarifu angalau siku 10 kabla ya kupunguza. Ukikata rufaa kabla ya tarehe ya kupunguzwa, na ukaomba huduma iendelee, saa zinabaki zilivyo hadi uamuzi utoke. Ikiwa mtoto yuko chini ya kampuni ya bima, unaanza kwa rufaa ya ndani: una siku 60 za kuikata, lakini kuomba saa ziendelee una siku 10 tu tangu barua itumwe, au hadi tarehe ya mabadiliko, ile itakayochelewa. Wengi hushika ile 60, wakaikosa ile 10. Kampuni ikikataa, unakwenda kwenye kikao cha jimbo, mbele ya ofisa asiye wa kampuni. Hatari ipo: ukishindwa, wanaweza kudai gharama za saa za katikati.

Unaweza kuomba faili lote walilotumia kuamua, bila malipo. Mara nyingi utakuta mtu aliyepunguza saa hajawahi kumwona mtoto, au alisoma maelezo ya mwezi mtoto alipokuwa mzima kuliko kawaida. Kila jimbo lina shirika linalofadhiliwa na shirikisho la kuwatetea watu wenye ulemavu, na ofisi za msaada wa sheria, hawatozi.

Sisi ni wakimbizi. Sheria mpya inatugusa?

Ndiyo, na hili lichukuliwe kwa uzito. Sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 inasema kwamba kuanzia 1 Oktoba 2026 fedha za shirikisho za Medicaid zitawahusu raia, wenye green card na makundi machache mengine. Wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawana green card wametolewa kwenye orodha ya jumla. Baadhi ya majimbo yana hiari tofauti ya kuwahudumia watoto wanaoishi nchini kihalali, kwa hiyo ulizia jimboni kwako kabla ya kukata tamaa. Mkimbizi anaweza kuomba green card akishatimiza mwaka mmoja nchini. Ikiwa mmeshatimiza na mtoto bado hana, nendeni kwa shirika lililowapokea au kwa mwanasheria wa uhamiaji wiki hii. Mtoto aliyezaliwa Marekani ni jambo jingine. Uraia wake haungoji karatasi zenu.

Wapo wanaoogopa kwamba kutumia Medicaid kutawaharibia green card kwa kuonekana mzigo kwa serikali. Wakimbizi na waliopewa hifadhi wamesamehewa kipimo hicho na sheria yenyewe. Wenye njia nyingine za uhamiaji waulize mwanasheria, wasiulize WhatsApp.

Kiingereza kinatupiga chenga. Mtoto mkubwa anaweza kututafsiria?

Asitafsiri. Hospitali, wakala na bima wanaopokea fedha za shirikisho wanatakiwa kuwapa mkalimani bure, na hawaruhusiwi kumtegemea mtoto isipokuwa katika dharura. Kama Kiswahili chenu ni cha Bukavu au Lubumbashi na mkalimani wa simu ni wa Mombasa, na hamwelewani kuhusu majina ya dawa na viungo, semeni hapo hapo muombe mwingine. Kama mtoto anazungumziwa Kinyamulenge, Kirundi au Kibembe, ombeni hicho.

Nesi akifika, mipaka ni ipi?

Amekuja kwa ajili ya mtoto mmoja. Hapiki kwa ajili ya nyumba, haangalii wadogo zake, hafui nguo za wote. Atafua shuka la mgonjwa, atasafisha vifaa vyake. Ukarimu wetu unaweza kuleta mkanganyiko: kumkaribisha chai ni sawa, kumpa fedha si sawa kwake, anaweza kupoteza kazi. Usiku atakaa macho, akilala, ripoti. Mjulishe mapema kama nyumbani mnavua viatu, kama kuna sala, kama bibi anapaka mafuta au anatoa dawa za mitishamba. Hili la mwisho mwambie hata kama unaona haya, kwa sababu dawa huingiliana.

Na shuleni?

Shule ina wajibu wake. Mwaka 1999 Mahakama Kuu iliamua kesi ya mwanafunzi anayetumia mashine ya kupumulia, Garret F., kwamba wilaya ya shule lazima igharimie uuguzi anaouhitaji ili awe darasani. Wilaya yenyewe ilikuwa Cedar Rapids, mji ule ule wa Katie Beckett. Saa za shule zisikatwe kimyakimya kwenye saa za nyumbani. Andikeni kwenye mpango wa elimu wa mtoto nesi wa basi na wa darasani analipwa na nani.

Mimi ni CNA, nataka kuingia kazi hii. Nianzie wapi?

LPN ndiyo leseni inayofungua mlango wa zamu za watoto, na vyuo vya jamii vingi huifundisha kwa takriban mwaka mmoja. Mawakala wengi hufundisha trakeostomia na ventileta, yaani mashine ya kupumulia, baada ya kukuajiri, baadhi kwa mtoto wa bandia kabla hujamgusa mtoto halisi. Uliza mafunzo hayo yanalipwa. Uliza utakuwa na nani wa kumpigia simu saa tisa usiku. Na ukienda kwenye mahojiano taja Kiswahili mapema, kwa sababu kuna familia huko Texas, Kentucky, Ohio na Iowa ambazo hazijawahi kuwa na nesi anayeelewa anachoambiwa na bibi.

Mtoto akifika 21?

EPSDT inakoma siku ya kuzaliwa. Baada ya hapo kila kitu kinategemea jimbo lina nini kwa watu wazima, na hapo ndipo zile foleni za mipango maalumu zinapokuwa na maana, kwa hiyo mwandikisheni angali mdogo. Akitimiza 18, mamlaka ya kusaini yanahamia kwake. Kama hawezi kujiamulia, ombeni mapema mahakama iwape ulezi wa kisheria au njia nyepesi inayokubalika jimboni. Kuanzia miaka 19 muulizeni mratibu wa huduma kila kikao: siku ya pili baada ya 21, nani atakuja usiku?